Nyumba ya Kupangisha Malindi: Hasara Moja kwa Jina, Nne kwa Hesabu

Vyumba sita, mara shilingi 12,000, mara miezi 12: shilingi 864,000. Hiyo ndiyo hesabu inayopigwa barazani mtu anapotaka kujenga nyumba ya kupangisha katika mitaa ya Malindi kama Maweni, Muyeye au Barani, na kwa kawaida huishia hapo. Hutajwa gharama ya kiwanja na ujenzi, mathalani shilingi milioni 9, kisha jibu linatoka kwamba nyumba itajilipa baada ya miaka kumi na kidogo. Hesabu yenyewe haina kosa la kuzidisha. Kosa lake ni kwamba haina mwezi hata mmoja wa chumba kitupu, haina fundi, haina mlinzi, haina benki wala Mamlaka ya Mapato. Kwa sababu haikuanza na hasara, mwenye nyumba akija kukutana nayo huiona kuwa mkosi, ilhali nyingi ya hasara hizo zingeweza kuandikwa kwenye karatasi kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Kabla ya kwenda mbele, ni vyema tukubaliane juu ya maneno, kwa kuwa lugha yetu hapa inatuchanganya. Neno kodi watu hulitumia kwa malipo ya mpangaji na pia kwa malipo ya serikali. Katika makala haya kodi ni ile ya mpangaji tu, na ya serikali nitaiita ushuru. Neno hasara nalo lina mzigo mkubwa zaidi, kwani mwenye nyumba anayesema nyumba yake inamletea hasara huenda anamaanisha moja kati ya mambo manne yasiyofanana. Huenda pesa mkononi hazitoshi kulipa kinachodaiwa mwezi huu. Huenda hesabu ya mwaka mzima inaonyesha gharama zimezidi mapato. Huenda ni hasara ile inayotambuliwa na sheria ya ushuru, ambayo ina masharti yake. Au huenda nyumba yenyewe, ikiuzwa leo, haifikii kiasi alichotumia. Kila moja ina chanzo chake na dawa yake, na anayetibu moja kwa dawa ya nyingine huongeza ugonjwa. Nimewaona watu wakiuza nyumba nzuri kwa sababu ya upungufu wa miezi mitatu, na wengine wakishikilia nyumba mbovu kwa miaka kwa kuwa kodi bado inaingia.

Tuirudie ile hesabu ya vyumba sita, safari hii pamoja na gharama zake. Takwimu hizi ni za mfano, na kila mtu aweke za kwake. Tuseme kila chumba hukaa kitupu mwezi mmoja na nusu kwa mwaka, kati ya mpangaji anayehama na anayeingia. Hapo zinatoka shilingi 108,000. Mpangaji mmoja anaondoka usiku akiwa na deni la miezi miwili, shilingi 24,000. Kinachobaki kuingia ni shilingi 732,000. Mlinzi anayefagia na kufungua maji analipwa 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Rangi, mabomba, vitasa na paa vinachukua 90,000. Stima ya uani, maji ya pamoja na takataka ni 48,000. Malipo ya kaunti ya ardhi na bima ni 40,000. Ushuru wa mapato ya kodi, ambao nitaueleza baadaye, ni 54,900. Ukitoa vyote hivyo, kinachobaki ni shilingi 379,100, ambazo ni kama asilimia 4.2 ya zile milioni 9. Ile barazani ilikuwa asilimia 9.6.

Aliyejenga kwa fedha zake mwenyewe anaweza kuishi na asilimia 4.2, hasa kama kiwanja kinapanda thamani. Mambo hubadilika kwa aliyekopa. Tuseme nusu ya gharama, milioni 4.5, ni mkopo wa benki wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 15. Marejesho yake ni kama shilingi 63,000 kwa mwezi, yaani takriban 756,000 kwa mwaka, na katika mwaka wa kwanza kama 670,000 kati ya hizo ni riba tupu. Kwa hiyo hesabu ya mwaka inaonyesha hasara ya shilingi 290,900, ambayo ni zile 379,100 ukitoa riba. Lakini mfukoni kinachopungua ni shilingi 376,900, kwa kuwa benki haichukui riba peke yake bali huchukua na sehemu ya mtaji, yaani fedha yenyewe iliyokopwa. Tofauti ya shilingi 86,000 kati ya tarakimu hizo mbili si hasara hata kidogo: ni deni lililopungua, na kwa maana hiyo ni akiba ya mwenye nyumba iliyofungiwa ndani ya kuta. Hata hivyo akiba iliyo ukutani hainunui unga, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa anatajirika kwenye karatasi huku akikopa kwa mashailoki, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, ili kulipia marejesho.

Katika mfano huu kuna tarakimu moja ambayo kila mwenye kutaka kukopa angefaa kuitafuta kabla ya kwenda benki, nayo ni kiasi cha mkopo ambacho riba yake inameza faida yote ya nyumba. Hupatikana kwa kugawanya faida kabla ya riba kwa kiwango cha riba. Shilingi 379,100 zikigawanywa kwa asilimia 15 zinatoa takriban milioni 2.5. Mkopo ukizidi hapo, nyumba hiyo haiwezi kujilipia hata riba, na mwenyewe atakuwa anailipia kwa mshahara, kwa duka au kwa jahazi. Pengine ana sababu nzuri za kufanya hivyo, lakini ajue kwamba anachofanya ni kuweka akiba ya lazima kila mwezi wala si kupokea kipato.

Tena kiwango chenyewe hakisimami. Benki Kuu ya Kenya iliweka kiwango chake cha msingi kwenye asilimia 7 kuanzia Aprili 2020 hadi Mei 2022, kisha ikakipandisha hatua kwa hatua mpaka kikafika asilimia 13 Februari 2024, na kuanzia Agosti mwaka huohuo ikaanza kukishusha. Mikopo mingi ya nyumba hufuata mkondo huo. Kwa mkopo wa milioni 4.5, kila asilimia moja inayoongezeka ni kama shilingi 45,000 kwa mwaka, sawa na 3,750 kwa mwezi, na hakuna mpangaji wa Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa Malindi, utakayemwongezea kodi kwa sababu Nairobi wamekaa kikao. Anayekopa na apige hesabu yake mara mbili, mara moja kwa riba ya leo na mara ya pili kwa riba iliyoongezeka kwa asilimia nne au tano. Iwapo ya pili haibebeki, mkopo huo ni mkubwa mno kwake.

Wako wenzetu wengi ambao hawaigusi riba kwa sababu ya dini, na huenda kwenye benki za Kiislamu kwa mpango wa musharaka inayopungua, ambapo benki na mteja humiliki nyumba kwa ubia, mteja akinunua hisa za benki kidogo kidogo na kuilipa ujira kwa sehemu iliyobaki. Kisheria na kidini huo ni mkataba tofauti. Lakini kwa upande wa pesa mkononi, malipo bado yana tarehe, na chumba kitupu ni kitupu kwa mwenye mkopo na kwa mwenye ubia vilevile. Uhalali wa mkataba ni jambo moja na ustahimilivu wa mfuko ni jambo jingine, na nadhani hili halisemwi vya kutosha.

Sasa tuje kwa kile kinachoitofautisha Malindi na miji mingine. Vitabu vya uwekezaji hushauri kutawanya mtaji: usiwe na mpangaji mmoja, uwe na sita, usiwe na nyumba moja, uwe na tatu. Ushauri huo unategemea sharti moja ambalo halisemwi, kwamba wapangaji hao hawataanguka wote siku moja. Hapa kwetu huanguka. Mji huu huishi kwa upepo wa kaskazi na kuzimia kwa ule wa kusi. Desemba hadi Machi wageni wapo na hoteli zimejaa. Agosti Waitaliano hurudi kwa likizo yao. Lakini masika ikiingia Aprili, bahari ikichafuka na magugu yakijaa ufukweni, hoteli kadhaa hufunga na wafanyakazi huambiwa wasubiri. Mpishi, dereva wa tuktuk, muuza vinyago, mwenye kibanda cha matunda, mhudumu wa baa na binti wa saluni wanaonekana kuwa wapangaji sita wa kazi sita. Ukiifuata pesa yao hadi chimbuko lake, wote hunywa kisima kimoja.

Ushahidi haukosekani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na vurugu zilizofuata, wageni walikatiza safari msimu ukiwa kileleni. Mwaka 2011, baada ya watalii kutekwa nyara Kiwayu na Manda upande wa Lamu na jeshi la Kenya kuingia Somalia Oktoba, na tena baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, maonyo ya serikali za Ulaya kwa raia wao yaliigusa pwani yote, hata sehemu ambazo hazikusikia risasi. Kisha Machi 25, 2020 ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa kwa sababu ya korona, zisirejee mpaka Agosti 1. Katika kila tukio mwenye vyumba sita hakupoteza mpangaji mmoja kati ya sita kama hesabu za kawaida zinavyotabiri. Alipoteza wawili au watatu kwa pamoja, na wale waliobaki wakaomba wavumiliwe.

Kwa hivyo, kwa Malindi, kutawanya hatari ni kuchanganya vyanzo vya mishahara ya wapangaji kuliko kuongeza idadi ya milango. Mwalimu, muuguzi wa hospitali ya serikali, karani wa mahakama na mfanyakazi wa kampuni ya maji hawaongezi mapato Desemba, lakini hawayapunguzi Mei. Mfanyakazi wa hoteli hulipa vizuri msimu ukiwa mzuri. Nyumba yenye mchanganyiko wa watu wa namna hizo mbili, hata kama kodi yake ni pungufu kwa shilingi elfu moja kwa chumba, inaweza kuwa salama zaidi kuliko ile iliyojaa wahudumu wa hoteli watupu. Siandiki haya ili mhudumu wa hoteli anyimwe nyumba. Naandika kwamba mwenye nyumba ajue ni sehemu gani ya kodi yake inaletwa na upepo wa kaskazi.

Hesabu ya akiba nayo ifuate majira. Watu husema akiba ya miezi mitatu ya kodi, lakini kodi si kipimo sahihi, kwani mwezi ambao akiba inahitajika ni mwezi ambao kodi haipo. Kipimo ni kile kinacholipwa hata nyumba ikiwa tupu yote. Katika mfano wetu ni marejesho ya 63,000, mlinzi 10,000 na huduma za pamoja 4,000, jumla 77,000 kwa mwezi. Kuanzia Aprili hadi Julai ni miezi minne, basi akiba ni shilingi 308,000, na huwekwa kando Januari na Februari, wakati ambapo watu wengi hununua pikipiki ya pili. Asiyekopa anahitaji 56,000 tu kwa muda huohuo. Pengo kati ya tarakimu hizo mbili linaonyesha vizuri zaidi kiasi ambacho deni linaongeza hatari, kuliko maelezo yoyote ninayoweza kuyatoa.

Wapo wanaoona kwamba jawabu ni kuachana na wapangaji wa mwezi na kugeukia wageni wa siku chache, hasa kwa nyumba za Casuarina, Mayungu na Watamu. Kwa usiku mmoja hupatikana kiasi cha wiki nzima ya mpangaji wa kawaida. Hata hivyo biashara hiyo ni ya hoteli kuliko ya nyumba: ina leseni zake, ushuru wake, mashuka, mpishi, kamisheni ya mtandao wa kuhifadhi nafasi, na bwawa la kuogelea ambalo halijali kama kuna mgeni au hakuna. Tena huleta hatari ya sarafu. Januari 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu na 130. Aliyekuwa akitoza kwa dola na kulipa mafundi na stima kwa shilingi alipoteza karibu moja ya tano ya mapato yake bila kupungukiwa na mgeni hata mmoja.

Tuje kwenye ushuru, mahali ambapo hasara ya tatu hujificha. Tangu Januari 2016 Kenya ina ushuru wa kila mwezi kwa mapato ya kodi ya nyumba za kuishi. Ulianza kwa asilimia 10, na tangu Januari 1, 2024 ni asilimia 7.5. Unamhusu mkazi anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Urahisi wake ni kwamba hauhitaji mahesabu marefu: unachukua kodi uliyopokea, unapiga asilimia 7.5, umemaliza. Ubaya wake uko ndani ya urahisi huohuo, kwa kuwa hukatwa kwenye mapato yote kabla ya gharama yoyote. Mwenye nyumba wa mfano wetu, aliyepata hasara ya shilingi 290,900, bado anadaiwa 54,900. Serikali haimuulizi kama amepata faida.

Sheria hata hivyo inampa mlango mwingine. Anaweza kumwandikia Kamishna wa Mamlaka ya Mapato akachagua kutoka katika mpango huo na kutozwa kwa ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na gharama zake, ambapo gharama za kuendesha nyumba pamoja na riba ya mkopo huondolewa kwanza. Katika mfano wetu, shilingi 732,000 zikiondolewa gharama za 298,000 na riba ya 670,000, kinachobaki ni hasara ya 236,000, na hivyo hakuna ushuru wa mwaka huo. Upungufu wa mfukoni unashuka kutoka 376,900 hadi 322,000 kwa barua moja. Sharti lake ni kuwa na kumbukumbu: risiti za fundi, taarifa ya benki inayotenganisha riba na mtaji, na mikataba ya wapangaji. Asiyekuwa na risiti abaki kwenye asilimia 7.5. Asiyekuwa na deni pia mara nyingi hunufaika kwa kubaki huko.

Hapa kuna dhana mbili zinazopotosha. Ya kwanza ni kwamba hasara ya nyumba inaweza kupunguza ushuru wa mshahara au wa duka. Haiwezi. Sheria ya Ushuru wa Mapato huyahesabu mapato ya kodi kama fungu la peke yake, na hasara ya fungu hilo husubiri faida ya fungu hilohilo katika miaka ijayo. Ya pili ni kwamba kila kilichotumika kwenye nyumba ni gharama. Kurudishia bati lililooza ni matengenezo. Kuongeza ghorofa ni mtaji. Marejesho ya mtaji wa mkopo nayo si gharama, kama tulivyoona kwenye zile 86,000.

Ngazi ya mikataba ina hasara zake, na nyingi hutokana na aibu. Tunaoneana haya kuandikiana, kwa kuwa mpangaji ni mtoto wa fulani, au tunaswali msikiti mmoja. Mkataba ulioandikwa haumtukani mtu. Unasema kodi ni kiasi gani, amana ni ya miezi mingapi na itarudishwaje, nani hutengeneza nini, na notisi ni ya muda gani. Bila hiyo, amana hugeuka kuwa kodi ya mwezi wa mwisho, na ukuta uliotobolewa kwa ajili ya televisheni hulipwa na mwenye nyumba. Deni likishaanza, hatua za mwezi wa kwanza zina thamani kuliko za mwezi wa nne. Mpangaji mwaminifu aliyesimamishwa kazi msimu wa mvua anaweza kupewa mpango wa kulipa nusu sasa na nusu baada ya Agosti, kwa maandishi, na hiyo ni nafuu kuliko chumba kitupu cha miezi miwili. Mwenye tabia ya kukwepa apewe notisi mapema. Kung'oa mlango, kukata maji au kutoa vyombo nje bila amri ni kujitafutia kesi, na gharama ya wakili hupita deni lenyewe upesi sana. Kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ambazo bado zipo mitaani, sheria ya udhibiti wa kodi humlinda mpangaji kwa nguvu zaidi.

Aliyeweka maduka chini na vyumba juu anapaswa kujua jambo ambalo limewaumiza wengi. Upangaji wa duka, hoteli au mgahawa usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au wenye kifungu cha kuuvunja ndani ya miaka hiyo mitano kwa sababu isiyo ya ukiukaji wa masharti, huwa ni upangaji unaolindwa. Mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kumtoa mfanyabiashara mpaka atoe notisi ya namna maalumu isiyopungua miezi miwili, na mpangaji akipinga shauri huenda kwenye Baraza la Upangaji wa Majengo ya Biashara. Ndiyo maana mawakili huandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita kamili. Waliofikiri mkataba wa mwaka mmoja mmoja unawapa uhuru hukuta wamejifunga.

Hasara ya nne, ya thamani, kwa pwani huanzia kwenye ardhi yenyewe. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa waliodai na kuthibitisha madai yao umiliki wa vipande vya ukanda huu, na wengi wa waliokuwa wakiishi humo hawakudai. Kutokana na historia hiyo mpaka leo kuna nyumba bila ardhi: kuta ni zako, udongo ni wa mwingine, nawe humlipa ujira wa kiwanja. Nyumba kama hiyo inaweza kuleta kodi sawasawa na ya jirani mwenye hatimiliki, na bei yake ya kununua ni ndogo, hivyo asilimia ya mapato huonekana kubwa ajabu. Ukubwa huo ni malipo ya hatari. Benki huogopa kuipokea kama rehani, mnunuzi wa baadaye atakuwa mwenye fedha taslimu tu, na mwenye ardhi akiuza, majadiliano yote huanza upya na mtu mgeni. Anayeinunua na ahesabu kwamba mtaji wake lazima urudi kwa kodi pekee, bila kutegemea kuuza.

Nyumba za wageni zinazouzwa na Waitaliano waliozeeka nazo zina jambo lake. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiyekuwa raia hushika ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Mnunuzi aulize ni miaka mingapi iliyobaki kabla ya kuuliza bei, kwani kila mwaka unaopita hula sehemu ya kile anachouziwa.

Bahari nayo hudai sehemu yake. Kisima cha chumvi kikitumiwa kuchanganyia zege, nondo huanza kula kutu kutoka ndani, na baada ya miaka kadhaa dari hupasuka na kumwaga vipande juu ya kitanda cha mpangaji. Aliyeokoa pesa ya maji baridi wakati wa ujenzi huilipa mara nyingi zaidi baadaye. Makuti ni mazuri kwa macho na kwa ubaridi, lakini hubadilishwa kila baada ya miaka michache na bima yake ni ghali kwa sababu ya moto. Na kuhusu bima, kuna kanuni inayowashtua watu baada ya janga: nyumba ya thamani ya milioni 9 iliyowekewa bima ya milioni 6 imekatiwa theluthi mbili tu. Moto ukiteketeza sehemu ya milioni 3, kampuni italipa milioni 2, hata kama milioni 3 ni pungufu ya ile 6 iliyoandikwa. Ipo pia bima ya kodi inayopotea wakati nyumba inajengwa upya, nayo kwa mwenye mkopo ni muhimu karibu sawa na ya moto, kwa sababu benki haisubiri paa lipone.

Kuhusu kuuza, mwenye kuuza kwa faida hulipa asilimia 15 ya faida hiyo tangu Januari 2023, kutoka asilimia 5 ya awali, kwa hiyo thamani ya kweli ni ile inayobaki baada ya ushuru huo, dalali na wakili. Uamuzi wa kuuza ufuate aina ya hasara. Upungufu wa pesa katika nyumba yenye faida hutibiwa kwa kuongeza muda wa mkopo au kwa akiba. Hasara ya hesabu inayojirudia mwaka wa tatu, wakati vyumba vimejaa, haina dawa hiyo; hapo ama deni lipunguzwe au nyumba iuzwe.

Na iuzwe na mwenyewe, kaskazi, wakati wanunuzi wapo. Aliyechelewa mpaka benki ikaandika bado hajafungiwa mlango. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaitaka benki itoe kwanza notisi ya miezi mitatu ya kurekebisha deni, kisha notisi nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza, nayo ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Bei ikishuka chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki huchukuliwa kuwa imevunja wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Kwa muda wote huo, kabla nyundo ya dalali wa mnada haijagonga, mwenye nyumba ana haki ya kulipa deni na kuikomboa, na mnunuzi aliyempata mwenyewe Shela au Mambrui anaweza kuwa ndiye anayelilipa.